Glopu Mbili za Landrova ya Mzee

Mwaka ule kitu chochote kilichopotea Bukiriro kilikuwa kimeibwa na mkimbizi. Jembe, mkimbizi. Kuku, mkimbizi. Mama mmoja wa mlima wa pili alipotelewa na mume siku tatu, watu wakasema kavutwa na wanawake wa kambini, kumbe kalala kwenye kilabu cha rubisi, nyuma tu ya migomba yake mwenyewe. Alipozinduka na yeye akasema ni wakimbizi walimlewesha. Na mkimbizi aliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa mimi. Kwa hiyo lawama ikikosa pa kwenda ilikuja kwangu jioni kama mbuzi anayejua zizi lake.

Sikukaa kambini. Nilivuka mpaka na suruali moja na bisibisi moja, maana kwetu nilikuwa utingo wa lori na msaidizi wa fundi umeme. Shule niliishia darasa la nne, waya nilisoma mpaka mwisho. Mzee nilimkuta barabarani, landrova yake imezima, yeye amesimama mbele ya boneti kavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Nilichomeka waya mmoja uliochomoka, gari likaunguruma, akaniambia, "Panda." Hakuna karatasi niliyopigiwa muhuri siku ile. Kuhamia kwangu Tanzania kulikuwa huko kupanda.

Sababu ya kutokwenda kambini nitaisema hapa mara moja. Kambini alikuwepo jirani yetu wa nyumbani, mtu ambaye mama yangu alimwazima chumvi miaka yote. Ndiye aliyekuja na kiberiti. Ndani tulikuwa saba, nikatoka peke yangu. Naye baadaye alikimbia kama watu wengine, akapokelewa, akapewa hema, na kwa kuwa anajua kuandika na ana maneno mazuri, akapewa kopo la kugawia maharage. Nilimwona siku niliyokwenda kutafuta ndugu. Aliniangalia, akampimia maharage mtu wa mbele yangu, akatabasamu. Nilitoka kwenye mstari bila maharage na sikurudi tena. Mzee alilijua hilo, nilimweleza kwa mdomo wangu.

Sasa gari. Landrova ile ilikuwa imenunuliwa kwa mapadre wazungu waliorudi kwao, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko dereva wake. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Honi ilikuwa inalia yenyewe kwenye kona za kulia. Lakini Mzee aliipenda kuliko shamba. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuiegemea, na mkewe, ambaye sisi wote tulimwita Mama, aliniambia siku moja, "Mwanangu, mimi nimeolewa mke wa pili. Wa kwanza analala pale uani, anakunywa dizeli."

Dereva alikuwa mpwa wa Mzee. Alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akijikwaa kwenye vigoda. Alijua kuendesha, hilo siwezi kumnyima, lakini chini ya boneti alikuwa hajui hata rejeta ilipo. Nilipofika mimi na bisibisi yangu, akawa ananiita "fundi wa kimataifa". Alisema kwa kicheko, na meno yakiwa yamebana.

Siku mambo yalipoanza tulikuwa tunatoka Nemba na maharage ya kuuza, jua linazama. Dereva akawasha taa. Barabara ikaonekana, lakini dashibodi ikabaki nyeusi. Mishale yote, wa joto, wa mafuta, wa mwendo, haikuonekana hata mmoja. Akakanyaga mafuta. Tukapanda mlima mrefu hivyo hivyo, mpaka mvuke ukatoka kwenye boneti kama chungu cha ndizi, na gari likakohoa likanyamaza.

"Hukuona mshale wa joto?" Mzee aliuliza.

"Nitauonaje, Mjomba? Huku ndani ni kama tumboni mwa ng'ombe."

"Na taa zake?"

Dereva akageuka akaniangalia mimi niliyekaa nyuma juu ya magunia. "Muulize fundi wako wa kimataifa."

Maji yalikuwa bondeni. Nikasema tatizo hatuna chombo, labda kofia ya Mzee. Ilikuwa kofia nzuri ya kodrai aliyovaa kanisani. Nilishuka nayo bondeni mara nne, kila mara inafika na maji ya kujaza kikombe, Mzee akiitazama inavyolegea kama sikio la mbwa mgonjwa. Dumu la maji lilikuwepo chini ya kiti cha nyuma. Nililijua. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Asubuhi yake, Alhamisi, Mzee aliniita uani. Dereva alikuwa ameegemea ukuta, anachokoa meno.

"Kijana," Mzee akasema, "taa za dashibodi zilikuwa zinawaka. Nani anaifungua gari hii zaidi yako?"

"Hakuna, Mzee."

"Kambini wana redio, wana vitaa vyao vya kuunga kwenye mawe ya tochi. Vitu vidogo vya gari vinapata wateja huko. Au nasema uongo?"

"Mjomba hasemi uongo," dereva akamsaidia.

"Kambini siendi, Mzee. Unajua kwa nini."

Akatazama pembeni. Alijua. Kisha akasema lile neno ambalo mpaka leo nimemwandikia kama deni: "Noeli ni Jumapili. Jumatatu gari linakwenda Biharamulo, na kambi iko njiani. Taa zikiwaka kabla ya hapo, utaniomba radhi kwa uzembe, tutaishi. Zisipowaka, ukifika njia panda ya kambi, utashuka."

Siku nne. Nikaenda kwenye gari.

Kutafuta ubovu wa taa za dashibodi mchana kuna shida ambayo mtu hawezi kuifikiria mpaka imkute. Jua la Bukiriro linaingia kwenye kioo cha mbele, na taa zenyewe ni vitu vidogo kama macho ya panya. Hata zikiwaka huzioni. Nikamwomba Mama blanketi. Nikajifunika mimi na dashibodi pamoja, kichwa chini, miguu nje ya mlango. Nikawa fundi wa gizani.

Watu wa Bukiriro wanajua blanketi moja tu la namna hiyo, la kujifukiza mtu mwenye homa. Kila aliyepita njiani aliona miguu ya mtu inatoka kwenye landrova na kichwa kimefunikwa. "Pole kwa homa!" wakasema. Bibi mmoja akasimama muda mrefu. "Mmemwekea majani gani?" akamuuliza dereva.

"Ya wizi," dereva akamjibu. "Anatapika alichoiba."

Mimi ndani ya blanketi nikafanya ninalolijua, nikaanza na la rahisi. Kwenye gari zile za zamani, taa za dashibodi haziwaki mpaka uwashe kwanza taa ndogo za mbele, kisha uvute kiswichi kingine kidogo kilichojificha karibu na goti. Nikamuuliza dereva kama anakijua hicho kiswichi. Akasema hicho ni cha kuongeza nguvu mlimani, na ndivyo anavyokitumia. Nikakivuta. Giza.

Nikaenda kwenye fyuzi. Nikafungua kifuniko, nikakuta fyuzi imevalishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri kama pipi. Mkosaji wa kwanza basi naye nimwandike. Ni yule fundi mwenye kibanda chini ya boma la Wajerumani pale Biharamulo, mwenye kidevu cha pembe, aliyemwapia Mzee kwamba fyuzi zote ni mpya kutoka dukani. Sigara ilikuwa aina anayovuta yeye. Lakini karatasi ile ilikuwa inapitisha umeme, kwa hiyo dhambi yake ilikuwa ya kuchoma gari siku nyingine, si ya kuzima taa leo. Nikaitoa, nikaweka uzi mmoja mwembamba wa waya, nikaendelea.

Nilikuwa na taa yangu ya kujaribia, glopu ya indiketa iliyoungwa waya mbili. Waya mmoja unaugusisha kwenye bati la bodi, mwingine unatembea nao unauliza njia nzima: umeme upo hapa? Upo. Na hapa? Upo. Ijumaa mchana nikafika nyuma ya kile kiswichi, nikauliza, umeme haupo. Nikaingiza mkono. Waya ulikuwa umetafunwa, na kando yake kuna maganda ya karanga na kiota safi kabisa cha panya, kimetandikwa pamba ya kiti cha Mzee. Yeye alikuwa anabeba karanga kila wiki na hataki gari lifagiliwe na mtu mwingine. Wakosaji wa pili, panya, na Mzee mwenyewe aliyewakaribisha. Nikaunga waya, nikaufunga kwa mpira. Nikajifunika blanketi.

Giza.

Jumamosi asubuhi nikaingia tena chini ya blanketi. Nikasema haya, umeme unafika, labda haurudi. Maana umeme ni kama mtoto wa kutumwa dukani, asipopata njia ya kurudi nyumbani hata kwenda haendi. Bati la dashibodi ndilo njia yake ya kurudi, na bati lile dereva alikuwa amelipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa nyumba, kwa ajili ya urembo. Alikuwa amepaka mpaka chini ya skrubu, tabaka mbili. Mkosaji wa tatu. Nikakwangua kwa bisibisi mpaka bati likang'aa, nikakaza skrubu, nikagusisha waya mmoja wa taa yangu ya kujaribia kwenye bati hilo, wa pili nyuma ya kikombe kinachoshika glopu ya mishale.

Ikawaka!

Nilipiga kelele ndani ya blanketi. Mzee akaja mbio, dereva akaja, Mama akatoka jikoni na unga mikononi. "Umeme umefika, Mzee! Umefika mpaka mlangoni!" Nikachomoa kikombe ili niwaonyeshe glopu inavyotaka kuwaka.

Kikombe kilikuwa kitupu.

Nikatazama taa nyekundu, ile ya kuonyesha kama betri inachaji, iliyokuwa na kioo kidogo kama kifungo cha koti. Nayo haikuwa imewaka tangu nianze kazi, nikadhani ni waya ule ule. Nikabonyeza kioo kwa ukucha. Ukucha ukazama. Hakikuwa kioo. Ilikuwa nta ya mshumaa, nyekundu, imebandikwa juu ya tundu na kulainishwa kwa kidole. Na nyuma yake hakuna glopu.

Mtu akifanya kazi mbaya anafungwa. Mimi kazi yangu nzuri ndiyo iliyonifunga. Kama ningeacha waya wa panya umekatika, lawama ingekwenda kwa panya. Sasa nilikuwa nimesafisha njia yote, nimewaondoa watuhumiwa mmoja mmoja, nimefika kwenye matundu mawili matupu, nimeyanyanyua juu watu wayaone.

"Siku tatu," Mzee akasema polepole, "siku tatu umejifunika blanketi la mke wangu ili ufike pale ulipoiba?"

"Mzee, mwizi gani anaziba tundu kwa mshumaa?"

"Mwizi mwenye akili," dereva akasema. Miwani ilikuwa imemshuka puani. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa mtu wa kusema. Kuku akitaga bila ruhusa, anasema. Sasa alichukua blanketi lake begani kwangu, akalikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likawa kama kitabu cha nyimbo, akaingia nalo ndani bila neno. Nilimwona na sikuelewa. Kile kipande cha nta nikakitia mfukoni.

Jioni ile nilifunga mzigo wangu, suruali moja na bisibisi moja. Haukuchukua muda.

Noeli ikafika. Kigango chetu hakikuwa na padre, padre alikuwa parokiani kwenye watu wengi, kwa hiyo ibada iliongozwa na katekista, ambaye wote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Kila mwaka alishindana kimoyomoyo na kigango cha jirani kuhusu pango la Mtoto Yesu, na kila mwaka alishindwa. Wenzake walikuwa na sanamu za kununua. Sisi tulikuwa na za udongo walizofinyanga kina mama. Yosefu alikuwa amevunjika shingo na kuungwa, na punda alifanana na mbwa wa dereva.

Tukaingia. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa majani ya migomba, kanisa lina giza kama chumba cha kuivishia ndizi. Mwalimu akasimama kando ya pango, akasema kwa ile sauti yake, "Watu waliokaa gizani wameona mwanga mkuu!" Akagusa kitu nyuma ya majani.

Zikawaka taa mbili.

Bukiriro hakuna umeme, nakukumbusha. Kanisa zima lilivuta pumzi pamoja. Taa moja nyeupe ilikuwa ndani ya zizi, inammulika Mtoto. Ya pili ilikuwa juu ya paa la nyasi, nyekundu, tamu, ikimeta. Nyota ya Bethlehemu. Mzee alikuwa kwenye benchi la mbele. Alipiga magoti akiwa wa kwanza, akakaa hapo akiwa wa mwisho. Nilimsikia anasema, "Aa. Aa, Mwalimu huyu."

Mimi nilikuwa nyuma, na kutoka nyuma niliitambua ile nyota kama mtu anavyomtambua mbuzi wake kwenye mnada. Kioo kidogo kama kifungo cha koti, chenye mkwaruzo upande mmoja, ambao nilikuwa nimeufanya mimi kwa bisibisi yangu miezi miwili nyuma. Chini ya majani nikaona gongo la mwanzi lililopasuliwa, ndani yake mawe ya tochi manane yamepangwa safu. Manane ndiyo hesabu yake kwa glopu ya gari. Na mbele ya pango ulikuwepo mshumaa wa altare, mwekundu, umekatwa kipande chini. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika nta yangu.

Ningeweza kupiga kelele. Mkimbizi akipiga kelele kanisani siku ya Noeli anatolewa nje, na jioni yuko kambini. Nikakaa.

Lakini kwetu kigangoni maombi ya waamini hayasomwi kwenye karatasi. Anayetaka anasimama alipo, anaomba lake, akimaliza anasema "Ee Bwana", na wote wanaitikia "Twakuomba utusikie". Kuitikia huko hakuna mtu anayefikiri kwanza. Mdomo unaitika wenyewe, akili inafuata nyuma kwa miguu. Nimewahi kusikia watu wakiitikia ombi la mama aliyemwombea jirani yake aache kuiba maji ya kisima, akiwemo jirani mwenyewe, tena kwa sauti.

Mtu akamwombea Baba Mtakatifu. Mtu akaomba mvua. Nikasimama.

"Tumwombee Mzee wetu," nikasema, "ambaye gari lake lina giza ndani. Hii nyota nyekundu, iliyokuwa inakaa kushoto kwa usukani wake, na leo inakaa juu ya Mtoto Yesu, imwonyeshe kwamba haikupita kambini. Ee Bwana."

"TWAKUOMBA UTUSIKIE!" kanisa likaitikia, na sauti ya Mzee ilikuwa ndani yake, nzito, yenye ibada.

Kisha akili zikafika. Vichwa vikageukia nyota. Vikageukia Mzee. Mwalimu akatazama paa.

Benchi la kina mama likalia. Mama alikuwa amesimama, kitenge kimemkaza, macho chini.

"Tumwombee mama mmoja wa kigango hiki," akasema, "aliyeombwa taa na mwalimu wake wa dini, akaona ni kwa ajili ya Mtoto. Alitaka zirudi baada ya sikukuu bila mwenye gari kujua, maana mwenye gari angesema hapana. Mwana wa watu akasingiziwa, mama huyo akaogopa, akakunja blanketi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

Mwalimu akakohoa pale mbele. "Tumwombee pia huyo mwalimu, ambaye aliambiwa kwamba mwenye gari ametoa kwa moyo wote. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!"

Mama alikuwa hajakaa bado. "Tumwombee huyo mwalimu apate kumbukumbu, maana hakuambiwa hivyo. Ee Bwana."

"TWAKUOMBA UTUSIKIE!" Sasa watu walikuwa wanaitikia kwa furaha. Mabibi wa nyuma walisimama waone vizuri.

Karibu na mlango niliona miwani myeusi inajivuta pole pole kuelekea nje. Mama naye aliiona.

"Na tumwombee dereva," akapaza sauti, "aliyetumwa na mama huyo akazichomoa kwa vidole vyake mwenyewe, akaziba tundu kwa nta, kisha akamcheka mwenzake akiitwa mwizi. Asitoke nje kabla ya baraka. Ee Bwana."

"TWAKUOMBA UTUSIKIE!" Wanaume wawili wakasogea mlangoni, wakasimama bega kwa bega, kwa unyenyekevu kabisa.

Ndipo Mzee akasimama. Kofia yake ilikuwa mikononi, ile ile, masikio yake yamelala. Kanisa likawa kimya mpaka nikasikia punda wa udongo anapumua.

"Tumwombee," akasema. Akatazama nyota. "Tumwombee mwenye gari."

Akakaa. Hakusema "Ee Bwana", kwa hiyo hakuna aliyejua kama ameisha au la. Bibi mmoja tu, yule aliyeuliza majani ya homa, akaitikia peke yake kwa sauti nyembamba.

Baada ya ibada nilisimama nje kama mtu anayesubiri usafiri. Mzee alinipita. Hakusema radhi, hakusema asante, hakusema hata habari za Noeli. Mama alinipita akanishika kiwiko, akakibinya, akaendelea. Usiku huo mzigo wangu nikaulalia, sikuufungua, maana ombi la mwenye gari halikuwa na mwisho na mimi nilikuwa sijui limekwenda upande gani.

Jumatatu Mzee alituamsha kabla ya jogoo. Dashibodi ilikuwa bado nyeusi. Alikuwa amekataa glopu zisitolewe pangoni kabla ya Tokeo la Bwana, ile sikukuu ya Mamajusi, kwa sababu, alimwambia mkewe, hawezi kuwa mtu wa kumzimia Mtoto Yesu taa, Herode mwenyewe hakufika huko. Akanipa tochi.

"Kaa mbele. Umulike mshale wa joto."

Nikakaa mbele, katikati yake na dereva, mzigo wangu magotini, tochi mkononi. Nikawa taa ya dashibodi. Tulipita Ngara, tukateremka, kukapambazuka, lakini hakuniambia nizime. Magari meupe ya mashirika yakatupita na antena zake ndefu, yakatulisha vumbi. Kisha mbele nikaona njia panda ya kambi, hema mpaka mwisho wa macho, moshi juu yake. Nikaukaza mzigo magotini. Dereva akapunguza mwendo. Akaweka gia ya pili. Akasogea pembeni, akasimama kabisa, akanitazama kwa pembe ya miwani.

"Nani kakwambia usimame?" Mzee akauliza.

"Si ulisema, Mjomba, Alhamisi ile..."

"Nimesema Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Huoni mshale umepanda? Endesha gari lipate upepo!"

Mshale haukuwa umepanda. Niliushikia tochi mimi, naujua. Dereva akaondoa gari, honi ikalia yenyewe kwenye kona ya kulia, watoto wa kambini wakatupungia.

Glopu zilirudi siku ya pili baada ya Tokeo. Mwalimu alizileta mwenyewe, zimefungwa kwenye leso, akaziweka ukingoni mwa dirisha akaenda zake bila kubisha hodi. Mpaka leo anasema ni mwenye gari aliyetoa. Dereva ni mtu mzima sasa, ana duka na heshima, na ukimuuliza habari hii atakwambia mkimbizi mmoja aliiba taa zikapatikana kwa maombi. Ndiyo maana nimeandika.

Nilizichomeka mchana, jua kali. Mama akaleta blanketi, akanifunika mwenyewe kichwani kama anamfunika mtoto wake. Nikavuta kiswichi cha goti. Mishale yote ikatokea gizani, myeupe, na nyota nyekundu kushoto. Nikawa naitazama tu.

Blanketi likainuka upande wa pili. Mzee akaingiza kichwa, kisha mabega, akajibana pale pumzi yake ikinuka tumbaku. Akatazama mishale mmoja mmoja. Nje nikasikia mtu anapita, anasema, "Poleni kwa homa, nyote wawili."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Yule mtu wako wa kule. Bado anagawa maharage?"

"Bado, Mzee."

"Haya. Na agawe." Akavuta blanketi upande wake, mwanga ulikuwa unaingia. "Hapo kwako pako wazi. Funika vizuri, tuone hizi taa."